Mpiga Picha wa Vyumba vya Ndani

Aliponiambia ninuse kamera kabla ya kuuliza bei, nilidhani ananitania. Tulikuwa tumesimama mbele ya meza ya kioo katika duka moja la Kariakoo, muuzaji anatutazama, na mimi laki tano zangu nimezifunga kwenye pindo la khanga. "Fungua kifuniko cha betri," akaniambia, "tia pua humo. Ikinuka kama nguo iliyokunjwa mbichi, iache hapo hapo." Nikanusa. Muuzaji akacheka. Yeye hakucheka. Akachukua kamera ya pili, akaigeuza kwenye mwanga, akachungulia ndani ya lenzi kwa jicho moja, akairudisha mezani. "Hii imeshaingia ukungu. Kwetu pwani ukungu ukiingia kwenye lenzi ndiyo umehamia."

Bagamoyo walimwita mpiga picha wa ndani, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Wapiga picha wa nje ni wanaume, hao ni wengi: wanapiga nikahi, wanapiga magari, wanampiga bwana harusi akiwa na rafiki zake na miwani ya kuazima. Ndani ni kwingine. Ndani bibi harusi anasingwa, anasuguliwa mwili, anapakwa hina, nywele ziko wazi na mikono iko wazi, na mashangazi wanacheza uchezaji ambao waume zao hawajapata kuuona. Mwanamume haingii, na simu haiingii. Mlangoni wanaweka beseni la plastiki, kila anayeingia anatumbukiza simu yake, beseni linafunikwa khanga, na shangazi mmoja mkali analikalia pembeni. Kamera iliyokuwa ikipita pale bila kuulizwa ni moja tu, yake.

Mimi kazi yangu ilikuwa hina. Ni mtoto wa Vigwaza, nikaolewa Bagamoyo, nikajikuta naingia vyumba vile vile anavyoingia yeye. Miaka minane tulikuwa tunakutana humo, mimi nimeinamia miguu ya watu mpaka kiuno kinaomba msamaha, yeye amesimama wima, anapiga, anaombewa dua, anapewa sahani ya kwanza ya biriani. Niseme kweli, kilichonipeleka kwenye kamera ni wivu. Nilimfuata siku moja nikamwambia, "Mama, na mimi nataka kujifunza." Nilitegemea atanifukuza. Akanitazama mikono yangu iliyojaa rangi nyeusi ya piko, akasema, "Una shilingi ngapi?"

Nilipomtajia akaguna. Akasema fedha hiyo inatosha kamera au inatosha ujinga, nichague. Mimi nilitaka kila kitu: lenzi ndefu kama niliyoiona kwa watalii kule magofuni, miguu mitatu ya kusimamishia, taa ya juu, begi lenye mifuko mifuko. Akavipangua kimoja kimoja. "Lenzi hiyo ya kupigia simba. Wewe bibi harusi wako yuko hatua mbili, unataka umhesabie vinyweleo?" Miguu mitatu akauliza nitaiweka wapi kwenye chumba chenye wanawake arobaini na sinia la maandazi. Akanionyesha yeye anachotumia: kifuko cha kaniki alichokishona mwenyewe, kimejaa mbaazi kavu, kinakaa juu ya kabati au dirishani, na kamera inalala juu yake imetulia tuli. Taa ya juu hakuwa nayo. Alikuwa na shuka jeupe ambalo analitundika mkabala na dirisha, na mwanga wa nje ukilipiga unarudi usoni kwa mtu umelainika. "Hili halili betri," alikuwa akisema.

Kwa hiyo orodha yangu ikawa kamera ya mtumba iliyo nzima, betri mbili, chaja yake halisi, na kitambaa laini cha kufutia lenzi. Begi, akasema, ni bati la biskuti lenye mchele mkavu chini, kwa sababu mchele unafyonza unyevu na bati halipitishi hewa ya bahari. Yeye mwenyewe alikuwa nalo. Kamera yake ililala humo, pamoja na kadi zake zote za picha, kila kadi kwenye bahasha ndogo.

Ila mimi ni mbishi, ubishi nimezaliwa nao. Kwenye ile meza ya Kariakoo palikuwa na kamera moja imetoka Japani, haina ukungu, haina mkwaruzo, na bei yake ilikuwa chini ya zote. Kasoro yake ni kwamba maandishi yote ya ndani yalikuwa Kijapani na hayabadiliki. Mpiga picha wa ndani akaniambia, "Hiyo haisemi na wewe. Iache." Lakini muuzaji alishanionyesha jambo: ukimwelekezea mtu, kamera inachora kiboksi cha njano usoni pake. Mtu akisogea, kiboksi kinamfuata. Watu watano, viboksi vitano. Nikachanganyikiwa kabisa. Nikamwambia, "Mama, ya kwako ina hiki?" Akasema haina. "Basi yako ya enzi za mkoloni." Nikailipia. Maandishi ya Kijapani nikayahifadhi kwa nafasi zake kama nilivyohifadhi Juzuu Amma madrasa utotoni: la tatu kutoka juu, kulia mara mbili, bonyeza katikati. Kwa betri ya pili na chaja fedha ikaishia hapo, ya kadi sikuwa nayo. Tuliporudi Bagamoyo akafungua bati lake, akapekua bahasha, akatoa kadi moja. Akaishika kidogo. "Chukua hii. Nimeifuta zamani, haina kitu."

Nyumbani kwake hapakuwa na picha hata moja. Mtu aliyejaza kuta za vyumba vya kulala vya nusu ya mji, kwake kuta nyeupe, kalenda tu na saa. Ukimwomba umpige yeye, anageuza uso. Alikuwa mpole kupita kiasi kwa bibi harusi anayetetemeka, atamfuta jasho, atamwambia, "Pumua, mwanangu, sina haraka," na saa hiyo hiyo anamfokea mama wa bibi harusi kwa sababu ya pazia. Alikuwa anakula pilipili mbichi kama karanga. Alikuwa hapendi paka. Alikuwa anajua majina ya watoto wa kila mwanamke aliyempiga picha, na anakuuliza habari zao kwa zamu, ukikutana naye sokoni utachelewa kurudi.

Sasa niseme lile la kufuta, maana ndilo lililowafanya wengi wamwogope. Mwanamke yeyote aliyewahi kupigwa picha naye akifariki, awe bibi kizee, awe mama wa juzi, yeye akisikia tangazo msikitini anatia udhu, anakaa mkekani, anatoa bati, anatafuta kadi zote alimo yule marehemu, na anafuta. Moja moja. Kila picha anasema inna lillahi. Nilimwona mara moja alipofuta za jirani yangu niliyempaka hina kwa mkono wangu huu. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu bila kuinua uso: "Amefunikwa sanda toka utosini. Halafu mimi nimwache nywele wazi ndani ya bati langu?"

Na hakuwa na upendeleo. Alikuja bwana mmoja wa Magomeni, mkewe amefariki kwa uzazi, anaomba picha moja tu ya mkewe siku ya hina, kwa kuwa nakala alizopewa mkewe zilikuwa kwenye simu, na simu imepotea. Mpiga picha akampa kahawa na kashata, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia zimefutwa. Yule bwana akaondoka analia barabarani mchana kweupe. Mimi nilikasirika. Nikamwambia, "Mama, roho yako ngumu." Akasema, "Ngumu, ndiyo," akaendelea kuosha vikombe.

Halafu kulikuwa na nafasi. Ukipata bahati ya kuingia vyumba vya watu Bagamoyo, utaiona. Kila picha ya kundi aliyopiga yeye, bibi harusi yuko katikati, shangazi na dada wamejipanga, na kushoto kwa bibi harusi pana uwazi wa mtu mmoja. "Achieni nafasi hapo," ndiyo kauli yake. Mabibi harusi walidhani ni staili. Wapiga picha wa nje, bila kujua wanaiga nini, wakaanza na wao kuacha uwazi, eti ndiyo kisasa. Lakini mimi nilikuwa nasimama bega kwa bega naye nimeshika lile shuka, nikawa nasikia. Watu wakishajipanga, wakishatulia, kabla hajabonyeza anasema taratibu, "Inua kidevu. Hapo hapo." Na hakuna anayeinua kidevu, kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Nimeona wanawake wakigombania kukaa karibu na bibi harusi mpaka wanafinyana, ila pale hakuna aliyeingia, na sikuwahi kumsikia akimkataza mtu. Miguu yao tu ilikuwa haifiki.

Nikamwuliza. Akasema, "Shika shuka vizuri."

Jibu nililipata kwa sababu ya Lugoba. Alikuwa anakwenda kokote anakoitwa, Mlingotini, Vigwaza, Chalinze, hata Pangani aliwahi kulala siku tatu. Lugoba haendi. Ikaja familia ya Lugoba, watu wema, wanatoa usafiri na malazi, akakataa kabla hawajamaliza kusema. Mimi nikamng'ang'ania. Tulikuwa barazani kwake asubuhi, anachagua mchele kwenye ungo, na mimi namsaidia. Nikasema, "Mama, Lugoba pana nini? Kuna simba?" Akaendelea kuchagua. Nikataka kuomba radhi, ndipo akaanza.

Alikuwa na binti mmoja, wa miaka kumi na minane. Binti ndiye aliyekuwa anamshikia shuka. Akaitwa harusi ya Lugoba, binti akabaki nyumbani kwa sababu ya homa ndogo tu, homa ya mafua. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika. Alhamisi homa ikapanda, Ijumaa alfajiri binti akafariki, na wazee wakamzika baada ya swala ya Ijumaa, maana maiti haisubirishwi na mama mwenyewe simu haipatikani. Yeye akafika Jumamosi. "Nikakuta kaburi bichi na watu wanakunywa chai," akasema. "Hata kumfunua uso nimuage, sikupata."

Siku ya tatu, watu bado wako matangani, akatoa bati. Majirani wakamshika mkono, wakamwambia subiri kwanza, dada, utajuta. Akawaambia, "Nimefuta watoto wa watu, wangu nimwache?" Akafuta zote mpaka kidole kikamuuma.

"Arobaini ikapita," akaniambia, "nikataka kumkumbuka. Mikono naikumbuka. Sauti naikumbuka, na namna alivyokuwa akiburuza ndara. Uso haupo. Nikifumba macho anakuja amenipa mgongo. Namwita, hageuki. Miaka kumi sasa, hageuki." Vidole vyake vilikuwa bado vinatembea kwenye mchele, lakini hachagui kitu tena. "Ndiyo maana namwachia nafasi. Nasema labda siku moja nitachungulia kwenye tundu la kamera nimkute kasimama. Nipewe kuuona uso ule mara moja tu, wallahi sitaomba kingine."

Nililia, jamani. Mimi ambaye nilimwambia ana roho ngumu. Sikumjua binti yule, nilifika Bagamoyo yeye akiwa ameshazikwa, lakini nililia kama wangu.

Ningekuwa na ulimi mzito, hadithi hii ingeishia hapo. Haukupita mwezi tukaenda kazi Mlingotini, mchana, nyumba ya wavuvi iliyopakwa chokaa. Yeye alinipa ruhusa na mimi nipige, mara ya kwanza, kando yake. Wanawake wamejipanga, nafasi imeachwa. Nikainua kamera yangu ya Kijapani. Viboksi vya njano vikaanza kuruka usoni kwa watu, kimoja kwa bibi harusi, kimoja kwa somo yake aliyemfunda, kimoja, kimoja. Kisha kimoja kikatua kwenye ile nafasi. Juu ya ukuta mtupu, usawa wa uso wa mtu mrefu. Nikasubiri kitoke. Hakikutoka. Nikaondoa jicho kwenye kamera, nikatazama: ukuta, chokaa, doa la unyevunyevu. Nikarudisha jicho. Kiboksi kipo, kimetulia kuliko vingine vyote, maana wenye uhai wanatikisika.

Mwenye akili angefunga mdomo. Mimi nikasema, "Mama, kamera yangu inaona uso pale."

Mwanamke mmoja akasema audhubillahi, wengine wakacheka cheko la woga. Yeye akaja, akaichukua kamera mikononi mwangu, akatazama. Akatazama mpaka bibi harusi akalalamika miguu inakufa ganzi. Akabonyeza. Tulipoiangalia picha baadaye hamkuwa na kitu, ukuta na lile doa, na mimi nikajituliza kwamba ni doa. Lakini yeye alikuwa ananong'ona alhamdulillah, alhamdulillah, na machozi yanamdondoka kwenye buibui.

Tangu siku hiyo akawa anaazima kamera yangu. Kwanza kwa kazi, halafu hata bila kazi. Akanenepa kidogo, akawa anaimba jikoni. "Uso umerudi," akaniambia, na mimi nikafurahi, nikajiona nimempa mtu zawadi. Barazani kwake pakawa na viti viwili na vikombe viwili. Siku moja nikamwuliza, binti alifananaje. Akasema, "Mrefu. Mweupe wa uso. Macho yake makubwa, hayapepesi."

"Alikuwa hivyo tangu mdogo?"

"Ndivyo alivyo," akasema.

Jirani yake wa ukuta mmoja, bibi aliyemwogesha binti yule uchangani, nilimwuliza kwa mzunguko, kana kwamba ni umbea tu. Akacheka kwa huzuni. "Yule? Mfupi, mweusi tii, kibonge. Na kucheka! Alikuwa akicheka hata msibani tunamtoa nje." Nilirudi kwangu nikiwa na baridi mgongoni, na jua la saa nane lilikuwa linachoma. Sikumwambia mtu. Nilijiambia mama anajifariji, mwache. Lakini nilianza kukwepa kupita mbele ya baraza ile, na nikipita, namsalimia yeye tu, na natazama chini.

Kamera yangu alinirudishia mwenyewe baada ya miezi kadhaa. Akasema haihitaji tena, anamwona bila hiyo. Akaacha na kazi. Watu wakaanza kuniita mimi.

Hapo ndipo Kijapani kikaniponza. Harusi ya kwanza kubwa peke yangu, hapa hapa Dunda, nimepiga kutwa nzima, kazi nzuri mashaallah. Mwishoni shangazi wa bibi harusi akaja anataka picha yake moja ifutwe, ametoka na mdomo wazi. Nikasema hamna shida. La tatu kutoka juu, kulia mara mbili, bonyeza katikati. Kumbe kulia mara mbili ni kufuta picha moja, mara tatu ni kufuta zote, na mimi kwa kiherehere nikaenda mara tatu. Kioo kikawa cheusi. Nikabonyeza huku na huku, kamera haina picha hata moja. Bibi harusi ameshatoka, hina imeshaoshwa, siku hairudi.

Nilifanya jambo ambalo hatulifanyi. Nikaipeleka kadi Kariakoo kwa fundi wa kompyuta, mwanamume, bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyesifiwa kwamba anarudisha vilivyofutwa. Nikamwambia humo mna wanawake bila stara. Bwana wa watu akanielewa, akaweka mashine yake ifanye kazi, akanipisha kiti, akageukia ukuta na kuniambia nichague mwenyewe. Wakati tunasubiri akanieleza, amenipa mgongo: "Dada, kufuta si kutoa. Unafuta jina tu. Mwenyewe bado amelala humo humo, mpaka aje mwingine kulala juu yake." Nikalifikiria lile bati lenye mchele, na wanawake wote wa Bagamoyo waliofutwa kwa udhu na inna lillahi.

Picha za harusi zikaja, alhamdulillah, karibu zote. Halafu zikaendelea kuja nyingine, ambazo si zangu. Nyingi zilikuwa nusu, juu mtu na chini kijivu kitupu. Pazia. Ungo. Mkono umeshika shuka jeupe. Kisha moja nzima: mpiga picha wa ndani, miaka ya nyuma, mnene, kichwa wazi, amekaa kwenye mkeka ule ule ninaoujua. Kamera aliiweka dirishani juu ya kifuko cha mbaazi, ijipige yenyewe, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imemkumbatia msichana. Mfupi, mweusi tii, kibonge. Anacheka mpaka macho yamefumba.

Nilikaa na picha hiyo wiki mbili. Kwanza nilienda kwa mama wa bibi harusi wa Dunda, nikamwambia ukweli wa fundi, nikatukanwa na nikastahili. Kisha nikaanza kubishana na nafsi yangu. Alisema, nipewe kuuona uso ule mara moja tu. Nami ninao, uko kwenye mkoba wangu. Nisipompelekea mimi ni nani? Na nikimpelekea, yule wa kwenye kiti atakuwa nani?

Nilikwenda baada ya alasiri. Alikuwa barazani, amekonda mno, ngozi imebaki kwenye mifupa, lakini uso una nuru ya mtu aliyeshiba. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Kaa mkekani, kiti kina mtu." Nikakaa mkekani. Vikombe vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa kimejaa, chai imeshaweka utando. Nikaanza na kosa langu. Nikamweleza menyu, kufuta, Kariakoo, fundi. Aliposikia mwanamume akachachamaa kama zamani, "Wewe! Umewapeleka watoto wa watu kwa mwanamume?" na mimi moyoni nikafurahi kumwona anafoka, nikasema huyu ndiye yeye, bado yupo. Nikamwambia fundi aligeukia ukuta. Nikamwambia nimeshaomba radhi kwa wenyewe. Akashusha pumzi.

"Mama, kwenye kadi ile uliyonipa zimerudi na nyingine. Za zamani." Nikawasha kamera, nikaitafuta ile picha, nikampa.

Akaisogeza karibu na macho. Akatabasamu. "Haa! Tazama nilivyokuwa! Mashavu haya!" Akacheka, akajigusa shavu. Kidole chake kikatembea kwenye kioo, kikafika kwa msichana, kikasimama.

"Na huyu mtoto wa nani?"

Nilimwambia, "Mtazame vizuri, mama."

Akamtazama. Kwa muda mrefu sana alimtazama, na kuna wakati midomo yake ilifunguka, nikadhani jina linakuja. "Anapenda kucheka," akasema polepole. "Anapenda kucheka, huyu." Kisha akageukia kile kiti kando yake, akakielekezea kamera. "Hebu, unamjua?" Akasubiri, kichwa amekiinamisha, kama mtu anavyosubiri jibu la mtu anayesema chini chini. Tabasamu likamtoka. "Na yeye anasema hamjui."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika mabega nimwambie ni wako huyu, huyu ndiye, huyo mwingine simjui ni nani na wewe humjui. Ulimi wangu, ulimi huu ulionena pale Mlingotini bila kuombwa, haukuinuka.

Akawa ameshaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia. Hakukisahau, na Kijapani hakikumsumbua. Akaniuliza, "Yu hai huyu?"

"Yu hai, mama," nikasema.

Akakiondoa kidole. Akaifuta kamera kwa ncha ya khanga yake, akanirudishia kwa mikono miwili. "Basi mpelekee picha yake," akasema. "Mama yake atafurahi."

Nikamwambia nitampelekea.